Mwongozo kamili: kupiga tukio la filamu ya nwari kwa simu na taa mbili

Wengi wanaojaribu kupiga filamu ya nwari (film noir: filamu ya uhalifu ya nyeusi na nyeupe, yenye vivuli vizito) kwa simu hukwama palepale. Wanawasha taa ya chumba, wanarekodi kama kawaida, kisha kwenye kuhariri wanaondoa rangi na kushusha mwangaza. Kinachotoka ni picha ya kijivu iliyochujuka, imejaa chenga, ukuta wote unaonekana na uso hausomeki. Wakiongeza giza, mwigizaji anapotea. Wakiongeza mwanga, inarudi kuwa video ya sherehe.

Kosa haliko kwenye simu. Filamu zile za uhalifu na wasiwasi za Hollywood ya miaka ya 1940 hazikupigwa gizani. Zilipigwa kwa taa kali sana, ila taa hizo zilielekezwa sehemu chache na kuzuiwa kwingine kote. Giza lenyewe liliwekwa kwa mkono, kipande kwa kipande. Shika hilo kwanza, maana kila hatua hapa chini inatokana nalo.

Mfano wetu ni Double Indemnity ya mwaka 1944, iliyoongozwa na Billy Wilder na kupigwa picha na John F. Seitz. Wakala wa bima, Walter Neff, anashirikiana na Phyllis, mke wa mteja wake, kumuua mume ili wale fidia. Baada ya hapo kila mlango unaofunguka unamtisha. Kama hujaiona, itazame mara mbili: mara ya kwanza kwa ajili ya kisa, mara ya pili sauti ikiwa imezimwa, ukifuatilia taa peke yake.

## Vifaa

Kusanya vyote kabla mwigizaji hajafika.

- Simu yenye programu ya kamera inayokuruhusu kupanga mwenyewe ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) na kasi ya shata (muda ambao kila fremu inapokea mwanga). Kwenye Android nyingi Open Camera inatosha, nayo ni ya bure.
- Stendi ya miguu mitatu. Ukikosa, rundo la vitabu na selotepu.
- Taa kuu: taa ya spoti ya LED, yaani inayomulika sehemu moja, au tochi yenye nguvu. Iwe ndogo na kali. Balbu yenye kioo cheupe cha maziwa haifai, maana inatawanya mwanga na kivuli kinakuwa laini.
- Taa ya pili yenye nguvu ndogo kuliko ya kwanza.
- Kadibodi kubwa, kama la boksi la televisheni au friji, pamoja na kisu cha kukatia, rula na selotepu.
- Vitambaa vyeusi vya kutosha: buibui la zamani, shuka nyeusi, blanketi zito.
- Shuka moja jeupe.
- Mafuta kidogo ya nazi.
- Vijiti vya ubani, au udi na chetezo.
- Simu ya pili ya kurekodia sauti.

Taa za halojeni ziache. Zinapata joto la kuunguza kadibodi, na hapa kadibodi itakaa mbele ya taa kwa muda mrefu.

## Hatua ya 1: Andika hofu inatokea upande gani

Kabla ya kugusa taa, andika sentensi moja: nani anaogopa nini, na anadhani kitatokea wapi. Kwa mfano: "Mhasibu aliyeiba bahasha ya pesa amejifungia chumbani, na anasikia mtu amesimama nje ya dirisha."

Sentensi hiyo ndiyo itakayokuamulia taa ikae wapi. Hofu ikiwa dirishani, mwanga utoke dirishani. Ikiwa mlangoni, mwanga upenye chini ya mlango. Wanaoruka hatua hii huweka taa mahali ilipo soketi, kisha wanashangaa kwa nini picha ni nzuri lakini haitishi.

## Hatua ya 2: Ua kila mwanga

Piga usiku. Zima taa zote, ziba madirisha kwa blanketi, na usisahau taa ndogo za televisheni, chaja na friji.

Halafu shughulikia kuta. Ukuta mweupe ni taa ya pili ambayo hukuiomba: mwanga unaugonga, unarudi, unajaza vivuli vyote ulivyohangaika kuvitengeneza. Tundika vitambaa vyeusi kwenye ukuta ulio upande wa pili wa taa kuu, na kimoja nyuma ya kamera. Sakafu ya vigae vyeupe nayo ifunike.

*Umefaulu ikiwa:* taa zote zikizimwa, skrini ya simu inaonyesha weusi mtupu na huwezi kumwona mwigizaji hata ukijua alipo.

## Hatua ya 3: Weka taa moja tu

Mweke mwigizaji mita 2 au zaidi kutoka ukutani. Akiegemea ukuta, taa inayomulika uso itamulika na ukuta, na hapo umepoteza giza la nyuma.

Taa kuu iwe ubavuni, juu kidogo ya kichwa chake, na isogee nyuma hadi ikaribie kuwa sambamba na sikio. Usiiweke karibu na kamera kabisa. Taa iliyo upande wa kamera husukuma vivuli nyuma ya mtu visionekane, na vivuli ndivyo ulivyovifuata.

Umbali una kanuni yake: ukiongeza umbali kati ya taa na kitu mara mbili, mwanga unaofika unabaki robo. Hivyo taa ikiwa mita 1 kutoka usoni na ukuta uko mita 3 kutoka kwenye taa, ukuta unapata takribani sehemu moja ya tisa ya mwanga wa uso. Kama bado ukuta unaonekana sana, usipunguze nguvu ya taa. Isogeze karibu na uso, kisha shusha ISO.

Taa ya pili iache imezimwa kwa sasa. Najua mkono unawasha kuiwasha, lakini subiri.

*Umefaulu ikiwa:* nusu ya uso inasomeka, nusu ya pili imezama, na ndani ya jicho lililo kwenye mwanga kuna nukta ndogo nyeupe. Nukta hiyo ikikosekana, jicho linaonekana limekufa. Shusha taa kidogo au mwombe mwigizaji anyanyue kidevu mpaka ionekane.

## Hatua ya 4: Kata mwanga kwa kadibodi

Sebule ya Phyllis na mumewe, kina Dietrichson, katika Double Indemnity ina mistari ya vivuli kutoka kwenye mapazia ya vibao, ikilala juu ya kuta na juu ya watu, na ukiwatazama unahisi wamekwishafungwa kabla ya kufanya lolote. Huhitaji pazia la namna hiyo.

Chora kwenye kadibodi nafasi ndefu za mlalo: nafasi ya sentimita 3, kisha kipande cha sentimita 4 kinachobaki, kisha nafasi nyingine, mpaka ufikishe nane au tisa. Acha fremu ya sentimita 10 pembeni kote ili kadibodi lisilegee. Kata taratibu, kisu kikielekea mbali na mkono wako.

Lisimamishe kati ya taa na mwigizaji. Hapa ndipo wengi hukata tamaa, kwa sababu mistari inatoka kama ukungu. Kuna mambo matatu ya kurekebisha, na yafuate kwa mpangilio huu:

1. Sogeza kadibodi mbali na taa, karibu na mwigizaji. Kadiri linavyokaribia kinachomulikwa ndivyo mistari inavyokuwa mikali na myembamba. Likiwa karibu na taa, mistari inakua mikubwa na kingo zake zinalegea.
2. Punguza ukubwa wa taa. Funika uso wa taa kwa kadibodi lenye tundu la sentimita 3 au 4. Taa ndogo hutoa kivuli kikali. Utapoteza nguvu ya mwanga, kwa hiyo fanya hivi pale tu hatua ya kwanza isipotosha.
3. Inamisha kadibodi kidogo. Mistari iliyonyooka kama ya daftari haivutii. Mshazari mdogo unaonyesha kwamba mwanga unatoka juu, labda taa ya barabarani, na jicho linauamini.

Mistari usiiache ipite ovyo juu ya macho. Panga mstari wa mwanga uangukie macho na mstari wa giza uangukie mdomo, au kinyume chake ikiwa mtu huyo anadanganya. Mabadiliko ya sentimita chache tu yanageuza maana ya uso mzima, kwa hiyo tumia muda hapa kuliko mahali pengine popote.

Tahadhari: taa na kadibodi la mistari viachane angalau sentimita 50. Kila baada ya dakika kumi gusa kadibodi, pamoja na lile lenye tundu kama umeliweka. Likiwa la moto, zima na upumzike.

*Umefaulu ikiwa:* unaweza kuhesabu mistari shavuni mwa mwigizaji, na kati ya mstari na mstari pamebaki peusi tii.

## Hatua ya 5: Itendee haki ngozi nyeusi

Taa za filamu zile zilipimwa kwa nyuso nyeupe, na mafunzo mengi ya mtandaoni yanarudia vipimo vilevile. Ukivifuata kwa mwigizaji mwenye ngozi nyeusi, utaambiwa uongeze mwanga wa mbele. Usikubali. Mwanga wa mbele unaubapaza uso na kuua nwari yote.

Ngozi nyeupe huonekana kwa sababu inatawanya mwanga kila upande. Ngozi nyeusi inaumeza zaidi, na umbo lake linasomeka kwa mng'ao: ule mstari unaowaka kwenye mfupa wa shavu, paji la uso na mgongo wa pua. Mng'ao hufuata pembe, kama kioo. Kwa hiyo taa kali ikikaa pembe isiyofaa, ukaongeza nguvu bila kuigeuza pembe, bado hutapata kitu.

Mwambie mwigizaji atulie. Wewe shika taa, izungushe polepole kutoka ubavuni kuelekea nyuma yake huku mwenzako akitazama skrini. Kuna mahali shavu litawaka ghafla. Simama hapo, weka alama sakafuni. Kisha paka mafuta ya nazi kidogo sana juu ya mifupa ya mashavu, kwa ncha ya kidole. Yakizidi, atafanana na mtu aliyetoka jasho jua kali.

Kama upande wa giza umezama mpaka umbo la kichwa halijulikani, usiwashe taa ya pili. Tundika shuka jeupe upande huo, nje ya fremu, mita 2 kutoka kwake, kisha lisogeze kidogo kidogo. Litachora ukingo laini wa taya bila kuweka kivuli kipya.

Mavazi nayo yana neno. Shati jeupe pee linaivuta kamera ilipime lenyewe, na uso unaachwa gizani. Mvike la bluu hafifu au kijivu, ambalo kwenye nyeusi na nyeupe litasomeka kama jeupe. Chunguza pia nyekundu na kijani: rangi hizo zinazopigana mchana zinaweza kutoka kijivu kilekile. Kitenge kinachopendeza kwa macho kinaweza kugeuka kuwa doa moja. Kipige picha, ondoa rangi, uamue.

## Hatua ya 6: Moshi mwepesi

Mwanga hauonekani angani mpaka ukutane na kitu. Ili kupata hewa yenye vumbi ndani ya nyumba ya Phyllis, Seitz alitumia chembe za alumini zilizopeperushwa hewani. Wewe usithubutu. Vumbi la chuma halifai kuingia mapafuni mwa mtu yeyote.

Tumia vijiti viwili vitatu vya ubani. Zima feni, vichome pembeni, subiri moshi utawanyike uwe kama utando mwepesi, kisha viondoe. Kama una udi na chetezo tu, fukiza kwa dakika mbili au tatu, kisha *toa chetezo nje kabla ya kuanza kurekodi*. Mkaa unaowaka kwenye chumba kilichozibwa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, nayo inaua. Fungua mlango kila baada ya kurekodi, na uliza kwanza kama kuna mwenye pumu. Akiwepo, ruka hatua hii. Tukio litasimama bila moshi.

Moshi huonekana zaidi taa ikiwa nyuma yake, ikielekea kamera. Hapa sasa ndipo taa ya pili inapata kazi: iweke nyuma ya mwigizaji, chini, imefichwa na mwili wake au kiti. Mwisho wa The Big Combo (1955), mpiga picha John Alton aliwaweka watu wawili kama vivuli vitupu mbele ya ukungu unaomulikwa kutoka nyuma, na hakuna anayelalamika kwamba hakuona nyuso.

## Hatua ya 7: Ifunge kamera

Ukiiacha simu ijiamulie, itaona giza na kulirekebisha. Kwa hiyo:

- Zima HDR na modi ya usiku. Zote mbili zimetengenezwa kuinua vivuli.
- Fremu 25 kwa sekunde, shata 1/50. Umeme wetu Tanzania na Kenya ni wa hezi 50, na taa nyingi hupepesa kwa kuufuata. Ukiacha fremu 30 na shata 1/60, unaweza kuona mawimbi ya giza yakipanda kwenye picha.
- ISO kati ya 100 na 400. Ikipita hapo chenga zinaanza kutembea kwenye weusi. Mwanga ukipungua, sogeza taa.
- Fokasi ifungwe kwenye jicho lililo kwenye mwanga. Usiiache ijitafutie, itahangaika mistari inapopita.
- Pima mwanga kwa sehemu angavu kabisa ya uso. Sehemu hiyo ikibaki na maelezo ya ngozi, vivuli viache vianguke.

Rekodi sekunde kumi za majaribio uzitazame kwenye skrini kubwa kabla ya kuendelea. Tochi nyingine hupepesa kwa mwendo wake yenyewe. Ukiona hivyo, badilisha tochi.

## Hatua ya 8: Panga fremu imtie mtazamaji wasiwasi

Katika Double Indemnity, Keyes, mpelelezi wa madai na rafiki wa Neff, anatoka kwenye nyumba ya Neff huku Phyllis akiwa ndiyo kwanza amefika. Mlango unafungukia nje, kwenye korido. Phyllis anajibana nyuma ya mlango huo, Neff anaushika usijifunge, na Keyes amesimama hatua chache mbele akiongea. Sisi tunawaona wote watatu. Keyes anawaona wachache kuliko sisi. Hakuna bastola wala kelele, na bado unashika pumzi.

Lichukue somo hilo jinsi lilivyo: mpe mtazamaji kitu ambacho mtu mmoja ndani ya fremu hakioni. Mhasibu wetu anachungulia dirishani, wakati mstari wa mwanga chini ya mlango nyuma yake unakatwa na vivuli viwili vya miguu. Ili kuupata, taa ya pili ihamie nje ya mlango, sakafuni, na mtu apite mbele yake akasimame.

Acha nafasi tupu nyuma ya mwigizaji. Watu tumezoea kuacha nafasi mbele, upande anaotazama. Ukiihamishia mgongoni, jicho linaanza kungoja kitu kitokee hapo. Kamera iweke chini, usawa wa kiuno, ili kuta zimwinamie.

Kuinamisha kamera ni dawa kali. Mpiga picha Robert Krasker alifanya hivyo sana kwenye The Third Man (1949) na akapata Oscar, lakini alikuwa na jiji zima la Vienna lililovunjwa na vita kumsaidia. Kwenye chumba kimoja, inamisha fremu moja, ile ambayo mtu anatambua kwamba amenaswa.

## Hatua ya 9: Rekodi taratibu, na sikiliza

Baada ya kutupa maiti relini, Neff na Phyllis wanaingia garini, na gari linakataa kuwaka. Wanatazamana. Mtazamaji anajikuta anawaombea wauaji gari liwake. Kilichofanya kazi hapo ni muda.

Kwa hiyo usikate haraka. Mwigizaji akisikia hatua nje, mwache asimame kimya sekunde tano kamili kabla ya kugeuka. Kwenye chumba cha kurekodia sekunde hizo zitaonekana ndefu kupita kiasi. Kwenye picha zitatosha. Mwambie pia asiigize woga kwa kutumbua macho. Mtu anayeogopa kikweli hujitahidi kuonekana wa kawaida. Anapanga karatasi zilizokwishapangwa, anafunga kifungo kilichokwishafungwa.

Sauti irekodi kwa simu ya pili, karibu na kinachotoa sauti: hatua kwenye kokoto, bomba linalodondosha, kitasa. Chagua sauti moja na uirudie. Muziki wa kutisha uliopakua mtandaoni utauharibu ukimya uliojenga.

## Hatua ya 10: Ondoa rangi mwishoni

Kabla ya kuondoa rangi, tafuta vitelezi vya rangi mojamoja kwenye programu yako ya kuhariri. DaVinci Resolve ya bure inavyo kwenye kompyuta, na programu nyingi za simu pia. Pandisha mwangaza wa nyekundu na chungwa: ngozi itainuka. Shusha bluu, kama mwigizaji hakuvaa shati la bluu: chochote cha bluu nyuma yake kitazama. Ndipo uondoe rangi.

Kisha shusha sehemu za giza mpaka ziguse weusi mtupu, na pandisha sehemu angavu mpaka mahali pamoja au pawili, labda kola ya shati na nukta ya jicho, pafikie weupe kamili. Kama hatua za mwanzo zilikaa sawa, kazi hii haizidi dakika chache. Ukijikuta unasukuma vitelezi mpaka mwisho, tatizo liko kwenye hatua ya 2 au ya 3. Rudi ukawashe taa upya.

Itazame kwenye televisheni, chumba kikiwa na giza. Skrini ya simu iliyoongezwa mwangaza inadanganya. Na unapompa mtu kazi yako aione, mpe faili lenyewe kwa waya au kadi. WhatsApp huibana video inayotumwa kama kawaida, na weusi ndio wa kwanza kuharibika: unakatikakatika kuwa vipande vya kijivu.